Tangi la samaki la lita 300 lisiwekwe juu ya kabati la televisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakazi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanaofuga, au wanaokusudia kufuga, samaki wa mapambo majumbani. Mimi ni fundi seremala hapa Mbeya, na sehemu ya kazi yangu imekuwa kutengeneza stendi za matangi ya samaki. Matangi haya nayaona sebuleni kwa watu, kwenye mapokezi ya nyumba za wageni na hata kwenye vyumba vya kusubiria vya zahanati binafsi, na kila yanapoingia kwenye jengo jipya huwa makubwa kuliko yaliyotangulia. Napenda kuyaona, hasa yale yenye samaki wa rangi kali wa jamii ya mbuna wanaotoka Ziwa Nyasa, kwa kuwa ni wa kwetu. Kinachonitia hofu ni kwamba mnunuzi huelezwa kwa kirefu habari za chakula, pampu na taa, lakini kuhusu kitu kitakachobeba tangi haambiwi neno, au huambiwa kwamba meza yoyote imara itatosha. Msimamo wangu ni kwamba stendi ni sehemu ya tangi lenyewe, na muuzaji anayemwachia mteja aondoke bila kumtajia uzito wa tangi likijaa hajamaliza kuuza.

Nianze na uzito huo, maana watu wengi hawajawahi kuupigia hesabu. Tangi linalopendwa sana lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 60. Ukiacha nafasi ya sentimita 5 juu, linaingia maji karibu lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja. Vioo vyenyewe, vikiwa vya unene wa milimita 10, ni zaidi ya kilo 60. Ongeza mchanga wa kina cha sentimita 5 na mawe ambayo samaki wa Nyasa hawawezi kukaa vizuri bila hayo, kisha ongeza stendi, na utafika karibu kilo 450. Hiyo ni mifuko tisa ya saruji iliyopangwa juu ya eneo linalozidi kidogo nusu ya mita ya mraba, nayo haitashushwa kesho wala mwezi ujao, bali itakaa hapo usiku na mchana kwa miaka.

Maji hayo hayasukumi kwenda chini peke yake. Kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo msukumo kwenye kuta unavyoongezeka, na katika tangi nililolitaja kioo cha mbele kinasukumwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 180 hivi. Kinachozuia kioo kisitoke ni silikoni iliyopakwa kwenye viungo. Silikoni nzuri huuweza mzigo huo bila shida endapo tangi limekaa katika umbo lake, lakini pembe moja ikikosa mahali pa kukanyaga, tangi zima hujinyonga, na mkazo ambao ulipaswa kugawanyika kwenye viungo vyote hukusanyika mahali pamoja. Kioo huvumilia mzigo mkubwa uliosambaa sawasawa, na hakivumilii kupindishwa. Ndiyo maana tangi linaweza kukaa miezi kadhaa bila dalili yoyote, kisha likapasuka usiku watu wakiwa wamelala, na mwenye nyumba akaamini kwamba kioo kilikuwa kibovu.

Hapa kuna mambo mawili ambayo hata mafundi wenzangu huyachanganya. La kwanza ni uso wa stendi kuwa bapa, yaani pembe zote nne na kingo zote kuwa katika usawa mmoja, pasipo uvimbe wala bonde. La pili ni uso huo kulala sawa kwa pimamaji, kile kifaa chenye kiputo cha hewa kinachoonyesha mwinamo. Stendi inaweza kuwa bapa kabisa na bado ikawa imeinamia upande mmoja, na hilo si zuri, lakini tangi litavumilia mwinamo mdogo kwa sababu vioo havijapindishwa. Stendi iliyojinyonga ni hatari kubwa zaidi, hata kama pimamaji ikiwekwa katikati itaonyesha kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni rula ndefu ya alumini, au ubao uliopigwa randa na kuhakikiwa kuwa umenyooka, unaolazwa juu ya stendi kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili. Mwanga ukipenya chini ya rula, stendi inarudi karakana.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja eneo la Forest, hapa Mbeya, si kwa ajili ya tangi bali kurekebisha mlango wa kabati uliokuwa haufungi. Kabati lilikuwa la chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, lile la kuwekea televisheni, na juu yake palikuwa na tangi la lita karibu 300. Mlango wa kulia ulikuwa ukikwaruza sakafu ya kabati, na wa kushoto ulikuwa umeacha mwanya juu ambao kidole kingeingia. Mwenye nyumba alidhani bawaba zimelegea. Nilipoangalia mstari wa maji nikaona kwamba upande mmoja maji yalikuwa karibu na ukingo kuliko upande wa pili, na tofauti ilionekana kwa macho bila kipimo. Nyuma ya kabati, kile kibao chembamba kilichopigiliwa kwa misumari midogo kilikuwa kimeanza kuchomoka, na chipbodi ya chini, iliyokuwa ikinywa matone ya maji kila siku, ilikuwa imevimba na kufumuka. Nilimwambia, "Mama, kabla sijagusa huu mlango, tupunguze maji kwanza." Duka lililomuuzia tangi, ambalo halipo mkoani kwetu, lilikuwa limemhakikishia kwamba kabati lile linatosha kwa sababu linabeba televisheni kubwa. Televisheni ile haikuzidi kilo 20.

Milango isiyofunga, droo zinazokwama na mstari wa maji ulioinama ndizo dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuziona bila kuita fundi, na ningependa kila mwenye tangi akaziangalie leo. Kabati huonyesha kupinda kwake kwenye milango kabla ya kioo kuonyesha chochote.

Sasa niseme kuhusu stendi yenyewe. Watu hudhani stendi huanguka kwa sababu miguu haiwezi kubeba uzito, hivyo huagiza miguu minene. Kwa kweli mguu mmoja mfupi wa mbao kavu ya msindano ya inchi mbili kwa nne, ukisimama wima na kukanyagwa katikati, una uwezo wa kubeba uzito wote niliouhesabu hapo juu. Kinachoangusha stendi ni kuyumba kwa ubavuni: fremu ya mstatili inaegemea upande mmoja, viungo vinafunguka, na miguu inalala. Kinga yake ni kuufunga mgongo wa stendi, na ubavu wake wote wawili, kwa plaiwudi iliyopigwa skrubu na gundi, au kuweka mbao za mshazari. Ukitaka kujua kama stendi yako ina kinga hiyo, shika ukingo wake wa juu kabla tangi halijawekwa na uisukume kwa nguvu kwenda kushoto na kulia. Ikicheza hata kidogo ikiwa tupu, usiiwekee maji.

Jambo jingine ni mahali ambapo uzito unapita. Fremu ya juu inapaswa kukaa juu ya kichwa cha mguu, ili mzigo ushuke ndani ya mbao hadi sakafuni. Nimeona stendi nyingi ambazo fremu imebandikwa ubavuni mwa miguu, kwa hiyo mzigo wote unaning'inia kwenye skrubu chache. Na mbao za fremu hiyo zisimamishwe kwa ubavu mwembamba, zisilazwe. Ubao wa inchi mbili kwa nne ukisimamishwa hivyo huwa mgumu kupinda mara nne kuliko ukilazwa, na haugharimu shilingi zaidi. Kwa tangi la sentimita 120 napendelea pia kuweka miguu ya katikati, mbele na nyuma, kwa sababu fremu inayobonyea katikati huacha kioo cha chini kikibebwa na ncha mbili tu.

Kuhusu mbao, sisi wa ukanda huu tumebahatika. Mufindi ipo jirani, na msitu wa kupandwa wa Sao Hill unatupatia misindano na mikaratusi ambayo mikoa mingine huifuata kwa malori. Lakini bahati hiyo ina upande wake mgumu, maana mbao hutufikia zikiwa mbichi, pengine zimepasuliwa wiki hiyohiyo, na fundi mwenye haraka huzitumia zilivyo. Mbao mbichi ikikauka husinyaa na kujipinda, na ikikauka ikiwa tayari chini ya tangi, stendi iliyokuwa bapa siku ya kukabidhiwa hujinyonga polepole huku samaki wakiogelea juu yake. Mteja asione aibu kumuuliza fundi mbao zimekaa muda gani karakana, na asikubali ubao ambao ukiushika unahisi ubaridi wa maji na uzito usio wa kawaida. Zinyooshwe, zipangwe kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na zipigwe randa baada ya kukauka, si kabla.

Stendi za chuma zina sifa nzuri na zina kasoro yake. Joto la kuchomelea huvuta vyuma, hivyo fremu iliyokatwa kwa vipimo sahihi inaweza kutoka kwenye moto ikiwa imejinyonga kwa milimita kadhaa. Tena, nundu la kuchomelea lililoachwa juu ya pembe, hata likiwa dogo kuliko punje ya mahindi, ni ncha inayobeba pembe nzima ya kioo. Lisagwe hadi kidole kisilihisi, kisha fremu yote ipimwe kwa rula kabla ya kupakwa rangi. Miguu ya chuma iwekewe vibamba vipana chini, kwa kuwa bomba la mraba la inchi moja na nusu huuelekeza mzigo wote mahali padogo sana pa sakafu.

Na sakafu ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Nyumba nyingi za Mbeya zimejengwa kwenye miteremko, ambapo fundi alichimba upande wa juu wa kiwanja na kujaza kifusi upande wa chini ili kupata uwanja. Upande uliochimbwa ni ardhi ya asili, na upande uliojazwa, kama haukushindiliwa vizuri, huendelea kushuka kwa miaka. Ufa mrefu unaokatiza sebule, au ubao wa chini ya ukuta uliotengana na sakafu, unakuonyesha mpaka wa pande hizo mbili. Tangi lisiwekwe likivuka mpaka huo, na ikiwezekana liwekwe upande wa ardhi iliyochimbwa. Hali ni hiyohiyo katika sehemu nyingine zenye miinuko, kama mitaa ya Iringa iliyo chini ya vilima. Kwenye sakafu ya marumaru, gonga kila kigae kwa sarafu mahali ambapo miguu itakaa. Kigae kinacholia kama kitu kitupu hakikushikwa na saruji kwa chini, na kitapasuka chini ya mguu na kushusha pembe hiyo. Kwa wanaokaa ghorofani, tangi liwe karibu na ukuta unaobeba jengo au juu ya boriti, lisiwe katikati ya sebule, na kwa tangi linalozidi ukubwa niliotaja apatikane mhandisi alitazame jengo kwanza.

Baada ya hapo ndipo pimamaji inapofanya kazi yake. Sakafu za sebule zetu mara nyingi zimeachiwa mwinamo kuelekea mlangoni, hivyo stendi nzuri kabisa italala kwa kuinama. Marekebisho yafanywe chini ya miguu ya stendi, kwa kabari za mbao ngumu au vipande vya plastiki ngumu visivyobonyea, na yasifanywe kamwe kati ya tangi na stendi. Kipande cha kadibodi kilichosokomezwa chini ya pembe ya tangi kinainua pembe hiyo peke yake, nacho ndicho kinacholinyonga tangi.

Jaza maji theluthi moja, kisha pima kwa rula umbali kutoka ukingo wa juu hadi kwenye maji katika pembe zote nne. Maji hayadanganyi. Mimi hukubali tofauti isiyozidi milimita 3 kwa tangi la sentimita 120. Ikizidi, maji yatolewe, tangi lishushwe, kabari zirekebishwe, na kazi ianze upya, kwa sababu tangi lenye maji halinyanyuliwi hata kwa jeki, wala halisukumwi hata kwa sentimita moja. Liache hadi kesho yake, pima tena, kisha endelea kujaza. Mawe nayo yakae juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga kumwagwa, yakiwa na kitu laini chini yake, kwa sababu mbuna huchimba, na jiwe lililowekwa juu ya mchanga huanguka mchanga unapoondolewa.

Kuhusu kitambaa cha povu kinachowekwa chini ya tangi, hutegemea aina ya tangi. Tangi la kioo kitupu kinachokalia stendi moja kwa moja linalihitaji povu hilo ili kumeza chembe ya mchanga au kasoro ndogo ya uso. Tangi lenye fremu ya plastiki kwa chini hubebwa na kingo za fremu, na povu nene linaweza kukisukuma kioo cha chini kwenda juu, hivyo maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yafuatwe. Kwa vyovyote, povu haliponyi stendi iliyojinyonga.

Jambo la mwisho la kiufundi linatuhusu sisi kuliko wenzetu wa pwani. Matawi ya Bonde la Ufa hukutana karibu na Mbeya, na Mlima Rungwe pamoja na ziwa la kreta la Ngozi ni alama zake. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa barani Afrika, na mnamo Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliharibu nyumba nyingi Karonga nchini Malawi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kyela. Tetemeko dogo lisiloangusha hata sahani linaweza kuyaanzishia maji ya tangi mwendo wa kwenda na kurudi. Tangi lenye upana wa sentimita 45 likiwa juu ya stendi ya sentimita 75, kitovu cha uzito wake kiko karibu mita moja kutoka sakafuni, na mwendo huo una nguvu ya kulipindua kwenda mbele. Kwa hiyo stendi ifungwe ukutani kwa kona mbili za chuma, kwa skrubu ndefu na plagi zilizozama ndani ya tofali na si ndani ya plasta pekee. Kona hizo hizo zitasaidia pia siku mtoto atakapopanda mlango wa stendi ili awaone samaki vizuri, na kila nyumba yenye tangi na mtoto itafika siku hiyo. Ningependekeza pia stendi ya sentimita 60 badala ya 75 kwa nyumba zenye watoto wadogo, ambao isitoshe wataona vizuri zaidi. Nyaya za umeme ziachiwe mkunjo unaoning'inia chini kuliko soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni kabla ya kuifikia.

Kwa wauzaji wa matangi, wa hapa kwetu na wale wanaotuletea kutoka mbali, ombi langu ni dogo na halina gharama. Andikeni kwenye risiti vipimo vya tangi, lita zake, uzito wake likijaa pamoja na mchanga na mawe, na kama linahitaji povu au halihitaji. Mkiuza tangi pamoja na stendi, wekeni rula juu ya stendi hiyo mteja akiona. Kwa mafundi wenzangu wa mbao na wa chuma, tusipokee kazi ya stendi kabla ya kuiona risiti hiyo na kwenda kuipima sakafu ya mteja, na tukishakabidhi turudi siku ya kujaza maji na pimamaji mkononi.

Wako,
Fundi seremala,
Mwanjelwa, Mbeya